Pasi ya Mkaa

Siku ya tatu Sekela hajataga.
Amesimama chini ya meza ya cherehani,
mkia umeinama kama mwavuli uliovunjika mbavu,
anafumba jicho moja, anafumbua, anafumba.
Nje ni mvua ya Tukuyu, ile isiyonyesha wala kuacha,
inalowesha migomba na subira ya watu.

Nilikwenda duka la pembejeo.
Kijana Lusekelo hakuinua macho kwenye simu.
"Mzee, kuku ana miaka mingapi?"
Minne na ushee.
"Basi huyo ni supu."
Nikanunua chokaa ya mifugo ya shilingi mia tano,
nikarudi nimeshusha kofia.

Supu!
Huyu aliyelala kwenye kikapu cha vitambaa
miezi ile Subilaga hawezi tena kulala chali,
akamtagia yai moja kila asubuhi, kando ya mto,
kana kwamba katumwa.
Mgonjwa alikula nusu.
Nusu nilimalizia mimi, nimempa kisogo.

Subilaga alikuwa mkunga,
miaka thelathini na mmoja wodi ya wazazi.
Alfajiri akirudi, anavua viatu mlangoni, anasema yale yale:
Usimharakishe. Anayeharakishwa hujifunga.
Mpe joto, mpe giza kidogo, mpe mtu wa kukaa naye.
Mimi nilidhani anazungumzia kazi.

Basi nikachemsha maji, nikayapima kwa kiwiko
(kiwiko changu hakijui kitu, nilimwona yeye akifanya),
nikamtia Sekela kwenye beseni la buluu.
Nilitegemea mabawa na vurugu.
Akatulia. Manyoya yakaelea kumzunguka
kama gauni la harusi la kuazima.

Jirani yangu Tupokigwe akachungulia toka upenuni,
akacheka hadi akashika ukuta:
"Mwakalinga anaogesha kuku! Kesho atamnyonyesha!"
Akaondoka.
Akarudi na mawese ya Kyela kwenye kizibo cha chupa,
akayaweka chini, hakusema neno.

Nikapaka kwa kidole, polepole, nikiona haya,
mimi ambaye siku mwanetu anazaliwa
nilijificha nyuma ya jiko la hospitali
nikivuta sigara za watu.
Kidole kikagusa ugumu.
Lipo. Lipo njiani. Limekwama.

Nikatia mkaa kwenye pasi,
nikapiga blanketi kuukuu hadi likanukia moshi na sufu,
nikamviringisha, nikamrudisha gizani chini ya meza,
nami nikakaa sakafuni.
Sikushona. Sikusali, nasema kweli.
Nilihesabu vifungo kwenye kopo,
nikapoteza hesabu, nikaanza upya.
Blanketi likipoa, napiga pasi tena.
Mara nne. Mkaa wa sare za shule ukaishia hapo.

Saa tisa usiku akatoa sauti nisiyoijua,
si kutetea, si kulia,
kama bawaba ya mlango wa watu waliohama.
Yai likawa juu ya blanketi:
limepinda, lina kovu kiunoni,
ganda upande mmoja laini
kama utosi wa kichanga.

Sikujua niseme nini. Kwetu lipo neno moja
la pole, la asante, la haya basi, tumeonana.
Ndaga, nikasema.
Sijui nilikuwa namwambia nani kati yao wawili.

Asubuhi Mwalimu Gwakisa amekuta sare kumi na mbili
hazijapigwa marinda. Amenuna.
Nimemwambia Jumatatu.
Sekela kapanda juu ya rundo,
anadonoa kifungo cheupe,
anakiacha, anakidonoa tena.
Huenda asitage kamwe.

Nimefunga duka.
Natoka kununua mkaa.